Sura ya Sita: Koti la Karani

Mwizi hakuwa na haraka. Hilo ndilo jambo la kwanza Nadège Wilondja, mpelelezi wa polisi (OPJ), aliloandika katika daftari lake asubuhi ile ya Ijumaa, akiwa amechuchumaa ndani ya depo ya taasisi, stoo ya matofali iliyobanwa kati ya ukumbi na choo cha walimu.

Misumari kumi na miwili ilikuwa imepigiliwa ukutani, na kila msumari ulishika vazi lake: gauni la mke wa karani, kanzu ya katekista, kofia ngumu ya mtawala wa Kizungu iliyofinyangwa kwa karatasi na uji wa muhogo. Kwenye kona palikuwa na redio ya kaseti na mikro mpya ya kusemea ndani ya boksi lake. Msumari wa tano tu ndio uliokuwa mtupu.

"Ile koti tu," alisema Bwana Fabien, katibu wa masomo, aliyesimama mlangoni ili vumbi lisiguse suruali yake. "Mikro iko, redio iko. Muntu anaacha vyote, anachukua koti ya zamani. Afande, hii haiko wizi. Hii ni roho mubaya, ni kutuharibia mchezo."

"Mchezo ni lini?"

"Kesho, saa tisa. Bazazi balishaalikwa, bapasta, bapadri. Hata bantu ya Ubwari banavuka na mitumbwi. Na karani hana koti."

Nadège alikuwa akitazama meza. Juu yake vilikuwa vimepangwa, kama vyombo vya ibada, miwani isiyo na vioo, barua yenye muhuri wa nta ya mshumaa, na leso iliyokunjwa mara nne.

"Nani kapanga hivi?"

"Tulivikuta vile vile. Vilikuwa ndani ya mifuko ya koti."

Kando ya leso kulikuwa na njiti ya kiberiti iliyozungushiwa uzi mwekundu, ukakazwa vizuri kama vile mtu ametengeneza bobini ya cherehani. Nadège aliuinua kwa ncha ya kalamu, akaufungua kidogo. Uzi haukunyooka. Ulikuwa na mawimbi madogo madogo yaliyolingana, kama nywele zilizokaa siku nyingi kwenye msuko.

"Huu ulikuwa umeshonwa mahali," alisema. "Umefumuliwa."

"Ni uzi wangu." Msichana mwenye penseli sikioni alimpita Bwana Fabien bila kumwomba njia. Aliitwa Tania, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, na mchezo ulikuwa wake tangu neno la kwanza. "Guy ndiye karani, na Guy ni mufupi. Mikono ya koti ilimufunika vidole. Nikapandisha mikono, nikaipiga bandi kwenye viwiko kwa uzi mwekundu. Mweusi ulikuwa umeisha."

"Kwa hiyo mwizi alikaa hapa, akafumua mikono yote miwili, akazungusha uzi kwenye njiti, akakuachia."

Tania aliutazama ule uzi kwa muda. "Hata mi singeuzungusha vile," alisema.

Bwana Fabien alikohoa. Yeye hakuhitaji uzi. Jina alikuwa nalo. Ufunguo wa depo ulikuwa kwa Mpano Rukunda, kijana aliyeshika kitabu cha mchezo na kuwanong'onezea wenzake wakisahau maneno. Mpano aliteremka kutoka milimani miaka miwili iliyopita, hana ndugu hapa Baraka. Na alfajiri ya leo mlinzi alimwona akitoka upande wa depo na furushi begani.

"Kamati inakaa kesho saa tatu asubuhi," alisema. "Ukituletea jina lingine, afande, muzuri. Usipolileta, Mpano anatoka kwa shule. Banafunzi bameshaanza kusema. Mi sitaki ifike kwa mikono."

Nadège aliomba aachwe peke yake. Walipoondoka alifunga mlango, akawasha tochi ya simu, akailaza karibu na sakafu ili mwanga uteleze juu ya saruji. Vumbi lilionekana kila mahali, isipokuwa nyuma ya mbao za jukwaa. Pale palikuwa na mstatili safi, mrefu kuliko mlango, mwembamba kama mkeka wa mtu mmoja. Ukutani, kwenye upande wa kichwa, palikuwa na alama ya mshumaa.

* * *

Alimkuta Mpano katika darasa tupu. Ubaoni mtu alikuwa ameandika RUDI KWENU kwa chaki kubwa. Kijana alikuwa amekaa akiupa ubao mgongo, magoti yakigusa dawati kwa urefu wake. Nadège alichukua kifutio, akafuta maneno yale yote, akapangusa mikono, kisha akavuta kiti.

"Unalala na kichwa upande wa ukuta," alisema. "Mimi pia. Nikilala na kichwa mlangoni sipati usingizi."

Mpano alinyanyua macho, akayashusha tena.

"Furushi la asubuhi lilikuwa mkeka na blanketi."

"Ndiyo, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka. Kule nilikuwa napanga, bahamishwa bengine balikuja, bakajaza nyumba." Alisema polepole, akiyachagua maneno mtu asikute pa kushika. "Mama yangu iko kambini, ng'ambo ya mupaka. Nilimwambia kama niko na chumba. Kwa simu ananiuliza dirisha inatazama wapi. Namwambia inatazama ziwa."

Depo haikuwa na dirisha. Nadège aligeuza ukurasa.

"Jana nani alifunga depo?"

"Mi mwenyewe, saa kumi na moja. Nilivuta mulango tu, sikuhesabu nguo. Saa moja ya mangaribi nikarudia na mushumaa. Musumari wa tano ulikuwa wazi. Nikazania Guy amekwenda na koti kwao."

"Kwa nini hukumwambia Bwana Fabien?"

"Ningemwambia niliona saa moja, angeuliza nilikuwa natafuta nini mule saa moja." Akafikicha macho kwa kiganja. "Nikisema ukweli napoteza fasi ya kulala. Nikinyamaza napoteza shule. Nikaona mama OPJ aje kwanza, nione anapoteza nini."

Nadège nusura acheke. Akaandika: *Kati ya mazoezi na saa 11. Mchana. Mlango wazi.* Akayapigia mstari.

* * *

Guy alikuja akitembea kama bado yuko jukwaani, kifua mbele. Alikuwa kijana mwenye uso wa kupendeza na mikono mifupi, na alianza kusema kabla hajaulizwa.

"Ni Mpano. Ufunguo iko kwake. Afande, ile koti lazima ipatikane leo. Leo, si kesho."

"Lazima kwa nani? Kwa mchezo?"

"Kwa muchezo, ndiyo."

"Uliitoa wapi?"

"Niliinunua. Soko ya Nundu, kwa mama mwenye anauzisha nguo za zamani."

"Siku gani?"

"Siku ya Mungu."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi, saa ine."

"Guy, mimi nimezaliwa Nundu," alisema Nadège. "Siku ya Mungu saa nne asubuhi, mama anayeuza nguo yuko kanisani, na kuku wake wako kanisani. Uliitoa wapi?"

Guy alitazama viatu vyake. Kifua kilirudi mahali pake pa kawaida. "Niliinunua," alirudia, lakini sasa ilikuwa sauti ya mtoto aliyevunja kibuyu akakiegemeza ukutani ili ufa usionekane.

Nadège hakumkaba. Mwongo mwenye hofu ni kama maji ya mtungi, ukiyaacha yanatulia yenyewe, uchafu unakaa chini. Alimwacha, akaenda ukumbini kumtafuta Tania.

* * *

Mchezo ulikuwa na habari hii. Karani Zefania wa miaka ya Wabelgiji alimwandikia baba mkwe kwamba yeye ndiye mkubwa wa posta, kumbe kazi yake ni kulamba stempu. Baba mkwe akapiga safari kuja kumwona mkubwa huyo. Karani, kwa aibu, akatangaza kwamba amezama ziwani. Tania aliuandika wote kwa Kiswahili cha vitabu vya misheni, cha babu na bibi, ambacho vijana wenyewe walikisema kwa ulimi uliopanda ngazi. Alimsomea Nadège kipande, sauti mbili kwa mdomo mmoja:

"'Umekufaje, bwana wangu, ilhali ulimi wanena?' 'Mwili u hai, mke wangu. Heshima ndiyo iliyozama.'"

"Nani aliwafundisha kusema hivi?"

"Bazee." Tania alifungua kitabu. Pembeni mwa kurasa kulikuwa na herufi za penseli. "Nilisema kwa wenzangu, hatutaigiza bazee bila bazee. Kila Jumanne na Alhamisi banakaa kwa benchi ya mbele, banatukosoa. Hii M ni Mama Marthe, koko wa Guy, bibi yake. Huyu ni mukali. Mutu akisema vibaya anagonga benchi na fimbo, tunaanza upya. Anamwita Guy 'bwana yangu mudogo', kila mutu anacheka."

Nadège alivuta kitabu. M ilikuwa kila mahali, mara tano, mara sita kwa ukurasa. Alifunua polepole akizifuata kama mtu afuataye nyayo za mbuzi. Ukurasa wa ishirini na tisa, nne. Thelathini, tano. Thelathini na moja, mbili. Baada ya hapo pembeni palikuwa peupe.

"Ukurasa wa thelathini na moja kuna nini?"

"Matanga. Karani ameshatangazwa kufa maji, mwili hauonekani. Bandugu banatandika mukeka, banaweka koti yake juu, banaanza kulia. Jana njo mara ya kwanza tuliifanya mbele ya bazee, na nguo."

"Na Mama Marthe?"

Tania alikunja uso, akikumbuka. "Alinyamaza. Tulipomaliza tukarudisha nguo depo, tukaanza nyimbo za matanga bila nguo, saa nzima. Zilikuwa zinatoka vibaya, hata mi nilisikia. Nikamwuliza, koko, ziko vipi? Akasema ziko muzuri. Akasema jua linamuchoma, anaenda kupumuzika kwa kivuli ya depo. Alikuja kuaga na kapu yake, majani ya sombe juu..."

Akaacha hapo. Penseli ilianguka kutoka sikioni, hakuiokota.

"Tania," alisema Nadège, "kwenu wewe ni wapi?"

"Bukavu. Baba ni wa huku, lakini nilikulia Bukavu."

"Matanga ya mkeka uliyatoa wapi?"

"Baba alinisimulia. Nilizania ni kitu ya kuchekesha."

* * *

Nyumba ya Mama Marthe ilikuwa karibu na maji, mahali upepo wa Tanganyika unapofika na harufu ya ndagala, dagaa wa huko, walioanikwa. Nadège alipiga hodi, akakaribishwa. Mwanamke wa miaka sabini alikuwa amekaa kwenye kigoda, miwani puani, akishona pindo la kitenge. Mbele yake kulikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa nyuzi, bluu, kijani, nyeusi. Kila uzi ulikuwa umezungushwa kwenye njiti ya kiberiti.

Nadège alitoa mfukoni ile njiti nyekundu, akaiweka juu ya zingine.

"Nimekurudishia kazi yako, mama. Lakini huu uzi si wako."

"Ni wa ule mutoto Tania. Njo maana nilimuachia." Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno. "Na miwani yao, na barua yao. Kitu cha muntu sichukui."

"Na koti?"

Mama Marthe aliinuka kwa mikono miwili, akaingia ndani, akarudi nalo limelala mikononi mwake kama mtoto aliyesinzia garini. Lilikuwa jeusi, shingo pana, vifungo vya pembe. Mikono ilikuwa imerudi urefu wake. Kwenye viwiko vyote viwili, ukitazama sana, ungeona matundu madogo ya sindano, na juu ya kila tundu kitambaa kilikuwa kimesuguliwa kwa kidole chenye maji hadi likakaribia kufunga.

"Ni ya baba mukwe, alikuwa karani ya kweli," alisema. "Akamupa mutoto wake Bonaventure, akanioa nayo. Mwaka wa vita, tisini na sita, tulifika kwa maji usiku, mutumbwi moja, bantu mingi. Akaniingiza na batoto. Mama yake alikuwa amebaki nyuma, miguu ilimukataa. Akasema, namuendea, nakuja na mutumbwi ya pili. Akavua koti. Akasema, shika, nitalivalia ng'ambo, nisiloweshe."

Alilaza koti magotini, akalinyoosha mabega.

"Nilikaa Kigoma kambini miaka kumi na moja. Kila mutumbwi iliyofika nilishuka kwa maji na koti."

Nadège hakuandika kitu. Huku kwao alijua sheria ile tangu utoto. Mtu akipotelea majini au vitani, mwili usionekane, ukoo ukichoka kungoja hutandika mkeka, huweka juu yake nguo aliyoiacha, humlilia usiku mmoja mpaka kuche. Nguo iliyoliliwa hairudi sandukuni, huzikwa. Kabla ya usiku huo mwanamke ni mke. Baada yake ni mjane.

"Ukoo walitaka?"

"Mara tatu. Shemeji yangu alikuja mpaka na mukeka. Nikamuambia, kalie koti yako." Kitu kama kicheko kilipita usoni pake, kikaondoka. "Sasa jana niko kwa benchi. Naona banatandika. Naona Guy anavua. Ile koti ikalala pale, mikono imefungwa, batoto bazuri wa bantu banailia na banacheka. Nikasema, leo ni watu kumi. Kesho kutwa ni Baraka yote, ni Ubwari, ni bapasta. Baraka yote ikimulilia, atapitia wapi kurudia?"

Nje mtu aliburuta nyavu kwenye changarawe. Mama Marthe alingoja sauti ile iishe.

"We, mama polisi. Iko na bwana?"

"Alienda Misisi kuchimba dhahabu. Miaka mitatu. Simu haiiti."

"Ulimulilia?"

"Hapana."

"Njo vile," alisema Mama Marthe, na kwa mara ya kwanza alimsogezea kigoda kingine akae.

Nadège alikaa. Ilimbidi aseme lililomleta, na alilisema lote bila kulipamba: kwamba Guy ameficha alikolitoa koti, kwamba kuna kijana aliyetajwa kuwa mwizi, kwamba kesho saa tatu atafukuzwa, na huenda kabla ya hapo akapigwa.

"Ni mutoto ya nani?"

"Wa milimani. Hana mtu hapa. Analala depo, nyuma ya mbao, na mama yake yuko kambini."

Mama Marthe alivua miwani. Kidole chake kilisugua tundu moja la sindano kwenye kiwiko, tena na tena.

"Kule kambini," alisema, "kitu ikipotea kwa benyeji, balikuja kwanza kwa hema zetu." Akakunja koti, akalitia kapuni. Safari hii hakuweka sombe juu. "Twende. Sitangoja hiyo kesho."

* * *

Waliingia ukumbini wakati Bwana Fabien alikuwa akiwahesabia waigizaji viti vya wageni. Guy alipoona kapu, alikaa chini palepale alipokuwa amesimama.

"Bwana yangu mudogo," alisema Mama Marthe. "Ambia wenzako koti ilitoka wapi."

"Kwa sanduku yako, koko."

"Ulibisha hodi?"

"Hapana. Nilitaka kurudisha Jumamosi usiku, nilizania mikono ikipandishwa hutaijua. Nilijua ni ya babu. Sikujua kama haijaliliwa."

"Na huyu?" Alielekeza fimbo kwa Mpano, aliyekuwa nyuma kabisa karibu na mlango. "Ulisema aliiba. Ulimuona?"

"Sikumuona. Niliogopa we, nikatafuta muntu mwenye haogopewi."

Hakuna aliyecheka. Guy aliinuka, akapita katikati ya viti mpaka mlangoni, akasema jambo kwa sauti ya chini. Mpano alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akajibu kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, na kwa Kiswahili kile cha karani, neno kwa neno kama lilivyoandikwa ukurasa wa arobaini: "'Inuka, bwana. Aibu yako ni ndefu kuliko mikono yako.'"

Hapo ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Hata fimbo ya Mama Marthe iligonga benchi, mara moja, alama ya kwamba limesemwa sawasawa.

Bwana Fabien aliuliza kama basi wakodi koti Uvira. Tania hakumngoja. Alikuwa amepiga goti mbele ya benchi, kitabu kimefunguliwa.

"Koko, nisamehe. Lakini hukungoja mwisho. Mbele ya bazee hatujaufikia bado. Karani hafi."

"Hafi?"

"Anajificha kwa migomba ya jirani siku tatu. Siku ya tatu anasikia harufu ya samaki ya matanga yake. Njaa inamushinda. Anarudi, anapitia mlango wa nyuma, anauliza nani anakula chakula ya marehemu, na marehemu hajala."

Mama Marthe alichukua kitabu, akakisogeza mbali na macho, akasoma mwenyewe, midomo ikitembea. Alifika mwisho wa ukurasa, akaurudia tena kutoka juu.

"Alikuwa muntu ya kula sana," alisema.

Kisha akatoa masharti, na hakuna aliyejadili. Mkekani wataweka nguo nyingine, hata gunia. Koti halitalala chini, halitaliliwa. Litakaa nyuma ya mlango pamoja naye mwenyewe, magotini, mpaka ukurasa ule. Hapo Guy atalivaa na kuingia nalo.

"Lakini mikono itanipita, koko."

"Ikupite. Hakuna kushona." Akamgeukia Mpano. "Na we, murefu. Kwangu kuna chumba, Guy analala mule peke yake sawa vile sultani. Dirisha inatazama ziwa. Yeye ndiye atakubebea mukeka, kwa kichwa, kupitia kati ya soko, bantu bamuone."

Mpano alimtazama Nadège, naye Nadège alikuwa ameinamia mfuko wake akitafuta karatasi.

Kesi ilibidi ifungwe kwa maandishi, la sivyo kamati ingeifungua. Alitandaza fomu ya PV, taarifa rasmi ya polisi, juu ya meza ya jukwaani, meza ya posta ya Karani Zefania, akaketi katika kiti cha mlamba stempu. Akaandika tarehe. Akaandika kwamba koti halikuibwa, limechukuliwa na mke wa mwenye koti. Akaandika kwamba Mpano Rukunda hana kosa, akayapigia maneno hayo mstari mara mbili. Bwana Fabien alisoma juu ya bega lake, akatikisa kichwa kukubali.

"Jina la mwenye mali?"

"Bonaventure Asukulu," alijibu Mama Marthe.

"Kazi?"

"Seremala."

"Makao?"

Kalamu ilisimama. Kwa miaka tisa ya kazi Nadège alikuwa amejaza nafasi ile mara nyingi, na kwa watu kama huyu palikuwa na maneno mawili ya ofisi, *hajulikani alipo*, ambayo mkono uliyaandika bila kuulizwa. Aliuzuia mkono. Alingoja.

Mama Marthe alikuwa akitazama mlango wa nyuma, ule wa ukurasa wa mwisho. Mtu alikuwa ameuacha wazi, na mwanga wa ziwa ulikuwa umeingia hatua mbili ndani.

"Andika iko njiani," alisema.

Nadège aliandika, kwa herufi kubwa zinazosomeka: *Yuko njiani.*

"Afande," Bwana Fabien alinong'ona, "ile haiko adresi."

"Ndiyo niliyopewa," alisema Nadège. Akapiga muhuri, akakaa akingoja wino ukauke.